Wageni Tumboni mwa Chaza

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mitihani imenibana. Nakuandikia kwa kuwa simu yako iliyozama baharini bado iko kwa samaki.

Wale chaza ulionifungashia nimewapasua maabara leo. Baba, wana bakteria! Wamejisokota kama parafujo, wanakimbizana tumboni. Kila chaza anao. Mwalimu wangu hayupo mpaka wiki ijayo; akirudi nitakueleza zaidi. Kwa sasa usiuze.

Mwanao, unayemwita Profesa

9 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Goti ni lilelile, halinisikii wala silisikii.

Barua yako nimeisoma mara nne. Miaka ishirini na sita tangu mimi na mama yako tuning'inize kikapu cha kwanza majini, hatujamlisha mtu uchafu. Siwezi kuanza leo, yeye akiwa kaburini. Wenye hoteli wanaonunua kwetu nimewaambia mwenyewe, na hawakusubiri nimalize, wakavunja oda. Jumatatu naanza kuwatoa chaza wote, hata wachanga, niwafukie kwa chokaa. Ahsante kwa kuniambia ukweli. Nimejivunia, ingawa imeniuma.

Baba yako

13 Machi

Baba, usitoe hata mmoja!

Shikamoo. Barua yako nimeipata sasa hivi. Nampigia jirani yako fundi boti akimbie kukuambia, hapokei. Hii naituma kwa basi la leo.

Mwalimu karudi, kanicheka. Hao bakteria ni wapangaji tu, hawamdhuru chaza wala mlaji. Wanaishi kwenye kijiti laini, kiangavu kama kioo, kinachosaga chakula tumboni. Chaza akiugua au akishinda njaa, kijiti huyeyuka na wao hutoweka. Baba, niliona uzima nikakuandikia ugonjwa. Nilikuwa na haraka ya kukuonyesha najua. Nisamehe. Usiwaguse.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo. Barua ilinikuta nanawa chokaa mikononi.

Jana nimemwona chaza mmoja amejibana kwenye nguzo ya gati. Nikampasua, nikakiona hicho kijiti chako. Kizuri kweli. Nilikishika kiganjani mpaka kikawa maji, ndipo nikakumbuka kwamba yule ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Sikulaumu, lakini sitakudanganya: nimekata tamaa. Vikapu alivyosuka mama yako vinakauka uani, sina cha kutia.

Likizo ukija, viatu vya mpira viache hukohuko. Majini hakuna kazi.

Baba yako