Kadi ya Pikipiki ya Bluu

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padre kwenye maungamo. Ile fremu inayopasuka niliitunga mimi. Haikuandikwa popote. Nilikuwa nimeshika jarida mbele ya uso wangu, wewe umefumba macho, nikasoma maneno ambayo hayakuwepo.

Ni miezi minne sasa tangu uende. Watu wa ofisi ya mifugo walikuja kuchukua pikipiki yao, ile ndogo uliyozunguka nayo Masinga yote ukichanja ng'ombe. Walisahau helmeti. Iko stoo, na kuku mwekundu anataga ndani yake. Nilipotaka kumfukuza, Mama alisema, "Mwache. Angalau kuna mtu anaitumia." Koti lako alipewa Baba Mdogo. Jumapili alitembea mbele yetu amelivaa tukitoka kanisani, nami nikaharakisha hatua kabla sijakumbuka.

Shuleni nakaa tu. Mwalimu wa maktaba bado ananiwekea vitabu kando kama zamani. Nafungua, narudia ukurasa mmoja mara tano, nafunga. Naogopa kusoma, Baba. Mimi, niliyekuwa nikisoma hata karatasi ya kufungia sukari.

Unakumbuka tulivyoanza? Ukistaafu, ulisema, tungenunua pikipiki ya safari ndefu, twende hadi Marsabit ulikofanya kazi ukiwa kijana, unionyeshe visima ambako watu huimba wakiwatekea ngamia maji. Pikipiki moja tu, ya kufanya kila kitu. Ipite kwenye lami hadi Isiolo bila kutuchosha mgongo, halafu ivumilie mawe. Itubebe sisi wawili na maji yetu. Tanki lisikauke njiani. Na miguu yako mifupi ifike chini, hilo ulilisema mara tatu. Padre akatupatia majarida yake ya zamani ya pikipiki. Ulipougua na dawa zikakuchosha macho, nikawa nakusomea nikitafsiri, nawe ukanijazisha zile kadi zako za ng'ombe: Jina, Umri, Miguu, Tabia, Kasoro.

"Anza na miguu, Mwaitu," ulikuwa ukisema. Mwaitu, mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yako. "Rangi haitembei."

Ile nzito tuliiita Shangazi, kwa sababu ikilala chini ingehitaji ukoo mzima kuiinua. Ile ya kung'aa ikawa Karani, maana haikutaka vumbi. Ulicheka hadi ukakohoa, Mama akachungulia mlangoni. "Nyinyi wawili! Mtanunua pikipiki na uji unapoa hapo." Na ile ya bluu, yenye silinda moja, tanki kubwa na kiti kirefu, uliiita Punda. Nilijua kwa sauti yako kwamba umeshampata.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya nyumba nikianua nguo. Dirisha lilikuwa wazi. Nikakusikia ukimwambia Mama, "Tukishachagua na huyu mtoto, mimi hata nikienda sina neno."

Nina miaka kumi na sita. Biolojia naipenda, najua mwili haufanyi kazi hivyo. Lakini nililichukua neno lako kama lilivyo: tusipochagua, hutaenda. Basi nikaanza kutafuta kasoro. Za Shangazi na Karani zilikuwepo tele. Punda hakuwa nayo. Nilipekua majarida yote, hakuwa nayo. Ndipo nikasoma, kwa sauti ileile niliyokusomea siku zote, kwamba fremu yake hupasuka upande wa nyuma ikibeba mtu wa pili.

Ulifumbua macho. "Mtu wa pili ni wewe."

Nikageuza ukurasa.

"Basi hiyo hapana. Iko na roho nzuri, lakini hapana. Andika."

Nikaandika. Ukageukia ukuta.

Baada ya siku tatu uliniuliza, "Kwa hivyo hakuna hata moja, Mwaitu?" Nikasema bado kuna majarida. Na ukaenda vilevile, Jumanne, mimi nikiwa kwenye somo la jiografia. Sikukuzuia hata kwa siku moja. Nilikunyang'anya Punda tu.

Watu wanasema ulikwenda kwa amani. Wanasema hivyo wakinishika bega, nami natikisa kichwa kukubali. Ningesema, "Hii hapa, Baba, tumeipata," ungekuwa na siku zile zote za kuiendesha kichwani, mimi nikiwa nyuma yako. Siku zile ndizo siwezi... Hakuna mahali pa kuzirudisha. Nimefikiri sana na sijaona.

Siwezi kukuahidi Marsabit. Sioni mbali hivyo. Nakuahidi kitu kidogo: yeyote nitakayemsomea, mgonjwa au mzima, nitamsomea kilichoandikwa. Kwaheri, Baba. Huko uliko, miguu yako na ifike chini.

Mwikali

Nimeifungua tena barua hii niongeze jambo. Mchana huu nilitoa kadi ya Punda kwenye kitabu changu cha Kiswahili nilimoificha. Nikaufuta kwa raba mstari wa Kasoro. Nilikuwa nimekandamiza sana penseli siku ile, kwa hiyo ukiiinamisha kadi kwenye mwanga maneno bado yanaonekana. Nikaandika juu yake: Hakuna. Kisha nikaenda jikoni. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Nikaketi kando yake, nikamsomea kadi yote, nikianza na miguu, halafu nikamwambia habari ya ile fremu.