Trei Tatu za Barafu

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti halikusumbui, na vumbi la hiyo barabara mnayoijenga halijakumaliza kifua. Mimi ni mzima wa afya. Mkeo yuko hospitali. Usisimame, kaa usome mpaka mwisho: yuko hai, mtoto aliye tumboni yuko hai, amewekewa chupa mbili za damu, na wanasema Alhamisi watamruhusu.

Barua yako ya wiki iliyopita niliipata. Umenishukuru humo mara nne, nimehesabu. Umeandika kwamba mkeo amekusimulia jinsi ninavyomtunza, jinsi ninavyomwekea barafu kwenye glasi kila asubuhi kabla sijaenda kazini, na kwamba sasa unalala usingizi kwa sababu mkeo na dada yako hatimaye wanapatana. Barua hiyo nakurudishia ndani ya bahasha hii. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Ningeweza kukupigia, lakini huko kambini simu ya mtu mmoja husikilizwa na wanaume kumi, na haya si ya kusikilizwa na kambi nzima.

Nianze na friji, maana wewe ndiye uliyeileta. Unakumbuka ulipoteguka goti ukishusha saruji, daktari akakuagiza uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika ishirini kila mara, na uvimbe ukashuka. Wiki ile ile ukanunua friji ya mtumba, ukaingia nayo mlangoni kama mtu aliyeoa mke wa pili. Tangu hapo barafu ikawa dawa ya nyumba nzima. Mkeo akiumwa kichwa kwa kuinamia cherehani, barafu kwenye paji la uso. Mimi nikishtua kifundo cha mkono kwa kukanda unga, barafu. Mtoto wa jirani alipopigwa mpira puani, barafu. Kuungua tu ndiko tulikokatazwa, maana mkuu wetu pale kiwanda cha mikate alitufundisha kwamba palipoungua panataka maji ya bomba, barafu yenyewe huongeza kidonda. Hayo yote tuliyajua. Tusilolijua ni kwa nini mtu aitamani barafu mdomoni.

Mimi ilinianza polepole. Kipande kimoja nikitoka kazini, halafu viwili. Baada ya mwezi nilikuwa namaliza trei nzima kabla ya kula. Wala si kufyonza, kaka, ni kutafuna. Ule mlio kwenye meno ndio niliokuwa nautaka, na nikiukosa nilikuwa mkali kwa watu wote. Kazini hakuna aliyeshangaa. Sote wa upande wa tanuri tunatokwa jasho kutwa, na mkuu akasema anayefanya kazi motoni lazima atamani baridi. Nikaamini, kwa kuwa lilikuwa jibu rahisi. Miguu ikiniisha nguvu ngazini, nikalaumu tanuri. Moyo ukinienda mbio nikiwa nimekaa tu, nikalaumu tanuri. Damu yangu ya mwezi ilikuwa ikienda siku tisa, siku kumi. Nisamehe kukuandikia mambo ya kike, lakini bila hayo barua hii haina maana.

Ndipo akaja fundi friji. Friza iligoma, yeye akaitengeneza, kisha akarudi mara tatu kuangalia kitu kilichokwisha kupona. Wewe mwenyewe ulicheka, ukasema hujapata kuona friji ikipendwa namna ile. Ukakubali aniletee watu wake. Halafu ukarudi kambini, na baadaye ukaambiwa kwamba fundi amebadili mawazo. Hukuambiwa nani aliyeyabadilisha.

Walikuja Jumapili saa kumi, shangazi yake na dada yake mkubwa, wamependeza, wana heshima zao. Nikawapa vinywaji, nikajibu waliyoniuliza, nikaomba ruhusa niende jikoni. Huko nikafungua friza. Siwezi kukueleza ile hamu, ilikuwa inanivuta shati. Nikatia kipande mdomoni, na mlio ukafika sebuleni. Shangazi akauliza kwa utani kama nyumba hii ina panya wa kutafuna mawe. Mkeo akacheka. Nilimsikia vizuri, nimesimama nyuma ya pazia, barafu ikiyeyuka ulimini.

Akasema, "Msimshangae wifi yangu. Siku hizi hamalizi nusu saa bila barafu, na asubuhi chakula hakipiti. Sisi wanawake tunajua dalili zetu."

Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Wageni wakanywa vinywaji vyao mpaka mwisho, wakashukuru, wakaaga. Hakuna aliyenitukana. Siku ya tatu fundi akatuma ujumbe kwamba wakubwa wake wameona asubiri kidogo. Mkeo akanipa pole, kaka. Alinishika bega, akanipa pole.

Niliapa siku hiyo. Sikujua nitamfanyia nini wala lini, ila niliapa kwamba atalia kwa kitu kile kile kilichoniliza. Nilikuwa nakanda unga nikimfikiria yeye. Wenzangu wakasifu mikate yangu mwezi ule, wakasema imeumuka vizuri.

Kilichonifumbua macho ni jino. Gego la nyuma lilipasuka kwa kutafuna, nikaenda kwa daktari wa meno. Akaniuliza natafuna nini. Nikamwambia ukweli, nikijua atacheka. Hakucheka. Aliacha jino, akanivuta ngozi ya chini ya jicho, akatazama viganja vyangu, akaniandikia karatasi ya kwenda kupima damu. Damu ilikuwa saba, na mwanamke mzima wa afya hatakiwi kushuka chini ya kumi na mbili. Daktari wa pale maabara akanieleza kwamba mwili uliopungukiwa madini ya chuma mara nyingi huanza kudai vitu visivyo chakula, mwingine udongo, mwingine mchele mbichi, mwingine barafu, na sababu yake hasa bado wataalamu wanaitafuta. Wengine wanadhani ile baridi inamwamsha mtu ambaye ubongo wake umechoka kwa kukosa damu ya kutosha. Mimi damu yangu ilikuwa inapotea kila mwezi. Nikapewa dawa ya kupunguza damu ya mwezi na vidonge vya chuma, nivinywe na chungwa, nisivichanganye na chai. Wiki ya pili tu hamu ikakatika. Nilifungua friza, nikaiangalia barafu, nikaona ni maji tu yaliyoganda.

Nikachukua karatasi ya maabara nikaenda nayo mpaka karakana ya fundi. Alikuwa amekwisha kuchumbia kwingine. Aliisoma yote, kichwa kimeinama, akaikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi, akanirudishia. Akasema, "Samahani sana." Nikatoka.

Nyumbani sikumwambia mtu. Vidonge niliviweka kwenye kabati langu la kazini. Mkeo aliona tu kwamba tumbo halikukua, na hakuniuliza lolote.

Sasa sikiliza. Ulikuja likizo, ukaondoka, mkeo akashika mimba. Sote tulifurahi, hata mimi, ingawa furaha yangu ilikuwa na kona zake. Mwezi wa tatu wa mimba nikakuta trei ya barafu iko nusu. Kesho yake tupu. Nikasikia mlio kutoka chumba cha cherehani. Kaka, niliujua mlio ule kama mtu anavyoijua sauti yake mwenyewe. Nikachungulia. Amekaa mbele ya mashine, sare za shule zimelundikana, shavu limevimba kwa barafu, macho ameyafumba kwa raha.

Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa kuwa ndilo lenyewe.

Nikanunua trei ya pili, halafu ya tatu. Nikawa nazijaza asubuhi na jioni. Nikawa namwekea barafu kwenye glasi yako ile nene, namkaribisha kwa adabu, na yeye akawa ananishukuru. Akanishonea gauni. Akawaambia wateja wake kwamba wifi kama mimi hapatikani. Mimi nikawa namtazama viganja vikiwa vyeupe, namtazama akipumzika katikati ya kushona pindo moja, nikawa najisemea, bado kidogo, onja kidogo. Nilitaka aanguke mbele ya watu. Nilitaka aaibike, basi. Hilo la kufa sikulitaka, ila wala sikulipigia hesabu.

Unaweza kusema kunyamaza si kosa kubwa. Mimi sikunyamaza tu, na hapa ndipo penye jambo nililokalia barua nzima. Wiki tano zilizopita aliniita, akanikalisha kitandani kwenu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kula barafu kiasi hiki ni kawaida, na kama aache sare za watu aende kliniki, maana alikuwa hajaenda hata mara moja. Aliniuliza mimi kwa sababu, alisema, nami niliwahi kuwa hivyo nikapona.

Nikamjibu, "Ni joto la mimba tu, wifi. Kliniki utaenda ukimaliza sare, bado mapema."

Akanishika mkono kwa shukrani. Akarudi kwenye cherehani.

Jumatatu mchana mteja aliyefuata sare ya mwanawe akamkuta sakafuni kando ya mashine. Walinipigia kazini, nikakimbia na unga mikononi. Nilikuwa nimeingoja siku ile karibu mwaka mzima, na nilipomwona amelala pale, midomo haina rangi, niliitafuta ile furaha yangu sikuiona. Mimi na yule mteja tulimbeba mpaka kwenye gari. Hakuwa mzito. Mjamzito wa miezi mitano hatakiwi kuwa mwepesi vile.

Damu yake ilikuwa tano. Nikasema nitolewe mimi, wakanipima wakaniambia damu yangu imefika kumi na moja na nusu, inatosha kunibeba mimi, haitoshi kumgawia mtu. Mkuu wangu wa mikate akatoa, na yule mteja akatoa. Daktari akasimama miguuni pa kitanda, akauliza kama mgonjwa alikuwa na hamu ya vitu vya ajabu, udongo, barafu, na kwa muda gani. Mkeo alikuwa hawezi hata kuinua ulimi. Nami nikaona kwamba daktari anahitaji jibu.

Nikasema, "Barafu. Wiki kumi na moja."

Daktari akaandika. Mkeo akageuza uso akanitazama. Hakuna mtu anayehesabu wiki za barafu ya mwenzake kama hajui maana yake, na mkeo, unamjua mwenyewe, si mjinga.

Siku ya pili alipopata sauti aliniuliza neno moja, "Ulijua?" Nikamjibu nilijua. Nilingoja anitukane. Aliangalia chupa inavyodondosha, halafu akasema, "Na mimi nilijua huna mimba. Wiki ile ile ya wageni vitambaa vyako vya mwezi vilikuwa kwenye kamba, mimi ndiye niliyevianua."

Nikamuuliza kwa nini, basi. Nilishika chuma cha kitanda, kaka, badala ya kumshika yeye. Akasema, "Ungeolewa, ningebaki na nani? Kaka yako namwona mara mbili kwa mwaka. Ningezungumza na cherehani?"

Kisha akaniomba jambo. Aliniomba nikuandikie kwamba ni upungufu wa damu wa kawaida, yanawapata wajawazito, na tuishie hapo. Yeye atanyamaza langu, mimi ninyamaze lake, na wewe utaendelea kushukuru. Alisema hivyo akinishika mkono, mkono ule ule. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Nimekuandikia yote mawili, langu na lake, kwa sababu kunyamaza kwetu kumetufikisha kwenye chupa mbili za damu, na pia, sitakuficha, kwa sababu bado nina hasira naye na nilitaka ujue. Nimemwambia hivyo asubuhi hii. Amelia. Nimemmenyea chungwa, nimempa kidonge chake, nikasimama pale mpaka akakimeza.

Na kwako pia nina hasira, ujue. Ulituacha wawili na friji moja, ukawa unapokea salamu na kutuma shukrani. Omba ruhusa. Usije kunisamehe wala kumsamehe yeye, sisi hayo tutayamaliza au hatutayamaliza. Njoo ukae kwenye kile chumba cha cherehani ili awe na mtu wa kuzungumza naye. Mimi nahama mwisho wa mwezi, nimepata chumba karibu na kiwanda, hakina friji.

Mkuu wangu wa mikate anakusalimu, anasema usiwe na wasiwasi, damu yake ni nzuri. Jirani na mwanawe yule aliyepigwa mpira puani wanakusalimu. Trei zote tatu nimezimwaga, nimezifunika kifudifudi juu ya kabati. Kama goti linavimba, wenzako wa kambini wakutafutie barafu huko huko, uifunge kwenye kitambaa kwanza, dakika ishirini, usizidishe.

Nakutakia afya njema na safari ya haraka.

Mimi dada yako mdogo,
yule yule uliyemshukuru mara nne.