Sauti Iliponikatalia Ukumbini

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani kwako. Glory yuko shule, na ile simu yako ya kazi inaita chini ya mto. Bado wanapiga, Mama. Wengine hawajasikia msiba. Wengine wamesikia na ndiyo maana wanapiga: MC ameondoka, basi wanamtaka binti yake.

Nina mambo ya kukueleza, na sina mtu mwingine wa kumweleza kuanzia mwanzo.

Siku tuliyokuzika, Mama Mdogo Felista alinishika bega pale kaburini, akaninong'oneza: "Upendo, usilie. Wewe ndiye mama sasa. Mdogo wako akikuona umevunjika, tutampoteza na yeye." Kilio kilikuwa kimeshafika hapa kooni. Nikakimeza. Watu wakanisifia, eti binti jasiri huyo. Jioni nikapika, nikapokea wageni, nikamlaza Glory.

Kisha zikaja zile kicheni pati, sherehe za kumfunda mwali, ulizokuwa umeshakubali kuziongoza. Mama Mdogo akasema haiwezekani kuwaangusha watu, na nani anazijua kazi zako kama mie niliyekuwa nakubebea maiki miaka yote? Nikavaa gauni lako la kijani, nikasimama pale ulipokuwa ukisimama. Nikasema maneno yako, nikacheka kicheko chako, kile kinachoanza taratibu halafu kinawabeba wanawake wote ukumbini. Wakashangilia. "Fumba macho, utadhani mama yake yupo!" Walikuwa wananipongeza, Mama. Nami nilitamani mtu mmoja tu aseme hayupo.

Nikirudi nyumbani chakula hakishuki, usingizi hauji. Nikawa nakukumbuka jinsi ulivyokuwa ukirudi kutoka ukumbini, unakaa kwenye kigoda uani, mie nakukanda uso kwa kitambaa cha moto. "Kanda hapa, mashavu yanauma kwa kucheka." Kliniki walikuwa wameshakwambia upumzike, presha iko juu. Nilipokukumbusha ulinijibu, "Mie nikinuna, mwali atacheka na nani?" Na asubuhi ile ya mwisho ulipoanguka jikoni ulikuwa umetoka kuniambia kichwa kinakupasuka. Uliniambia huku unacheka. Ndiyo maana sikushtuka.

Yaliyonipata yalinipata kwenye sherehe ya tatu, Temeke. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ikafika ile sehemu ya mama kumuaga mwanawe, na wewe ulikuwaga unashusha sauti pale, unasema, "Mwali, geuka umtazame mama yako." Nikafungua kinywa. Ikatoka hewa. Fundi wa muziki akadhani maiki imekufa, akaniletea nyingine. Nikajaribu tena, hewa tupu. Mwali alikuwa ameshageuka mwenyewe, wanalia na mama yake wamekumbatiana, na mie nimesimama katikati yao na maiki mdomoni kama sanamu.

Kesho yake ilikuwa hivyohivyo, na wiki iliyofuata. Nikawa naongea kwa kunong'ona tu. Kuita konda wa daladala au kumwita Glory aje kula, siwezi. Nilikuwa nasikia maneno yangu yote ndani ya kichwa, yamejaa, yanagongana, na hakuna hata moja linalopita. Unajua unavyofungiwa chooni halafu walio nje hawasikii unagonga? Ndivyo ilivyokuwa.

Mama Mdogo akasema nimechezewa, kuna MC mwenzangu ananionea wivu. Akaleta watu wa maombi, wakaniwekea mikono shingoni, wakanipaka mafuta. Walikuwa na nia njema. Ila kila walipomaliza wananiambia, "Haya, sema," na mie nikishindwa wananitazama kama nimekataa kwa makusudi.

Hospitali wakanipitisha kamera nyembamba puani. Daktari akasema nyuzi za sauti ni nzima kabisa, hazina uvimbe wala kidonda. Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya sauti, mama mmoja mtaratibu anaitwa Bi Salma. Hakuniambia niseme. Aliniambia, "Kohoa." Nikakohoa, na sauti ikatoka! Niliogopa, Mama, niligeuka kutazama nani amekohoa.

"Koo linalokohoa hivyo ni zima," akasema. Nikakasirika, nikamnong'oneza kwamba mie sijifanyi. Akanishika mkono. Akasema anajua. Akanieleza kwamba mtu akizuia kilio muda mrefu, misuli ya koo hukaza, na inaweza kukaza mpaka ikasahau kulegea. Akasema mwili hautofautishi vizuri kilio na maneno, ukifunga mlango wa kimoja na kingine kinabaki ndani. "Umefiwa?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Na umelia?"

Nikageuza macho mlangoni, Glory alikuwa nje ananisubiri.

Akanirudisha kwenye kukohoa. Kohoa, halafu ivute, mmm. Tena, mmm. Akaniambia niongezee neno lolote linaloanzia hapo. Ningeweza kusema maji, mlango, mchicha, kitu chochote. Likatoka lako.

"Mama."

Nilikuwa sijalitamka tangu makaburini. Kwa watu nilikuwa nasema "marehemu." Sasa lilipotoka likavuta na mengine yote nyuma yake, nikalia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, mpaka Glory aliyekuwa kwenye benchi nje akaingia mbio. Nilitaka kujikaza. Nilishindwa. Akanikumbatia, akasema maneno ambayo sijui nitayaweka wapi: "Dada, mie nilidhani humlilii Mama."

Kumbe muda wote huo nilipokuwa najikaza kwa ajili yake, mtoto alikuwa anakulilia peke yake.

Unadhani yaliishia hapo? Sauti ilirudi, na mie sikumwambia mtu. Nilimwapisha Glory anyamaze. Niliendelea kunong'ona, kwa sababu sauti ikirudi, maiki nayo inarudi, gauni la kijani linarudi, na kicheko chako kinarudi mdomoni mwangu. Kule kukosa sauti kulikuwa kumenifunga, lakini kulikuwa pia kumewafungia watu nje. Nilikaa humo ndani, naogopa kutoka.

Mpaka Mama Mdogo alipokuja na kitambaa cha sare ya sherehe. Binti wa jirani yake anaolewa. "Sauti ikirudi tu, hii ndiyo ya kwanza, nimeshawaambia." Glory akanitazama. Nikasema, "Sitaki."

Kwa sauti. Mama Mdogo akakiacha kitambaa kikaanguka. "Kumbe unaongea? Ulikuwa unatudanganya?"

"Nilikuwa naogopa, Mama Mdogo."

Akaokota kitambaa chake, akakikunja polepole. Mlangoni akageuka: "Unamzika dada yangu mara ya pili." Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa Chanika. Kwenye jumuiya ya kanisani wanawake wengine wananisalimia juujuu. Simu inaita. Jana niliipokea, na koo likakaza tena palepale, ikabidi nikohoe, nianze upya, mmm, ndipo nikaweza kumwambia yule mama kwamba wewe hupo tena na mie sifanyi kazi hiyo. Nilipokata nilikuwa nimelowa jasho.

Sijapona, Mama. Bi Salma amesema niendelee kurudi, na nitarudi.

Jambo moja limenijia juzi nikifua. Pale kaburini Mama Mdogo naye hakulia. Alikuwa amemzika dada yake wa pekee, na kazi aliyoifanya siku nzima ilikuwa kunyamazisha watu na kupanga sahani. Sijui aliambiwa na nani ajikaze, labda na bibi, zamani. Sijui koo lake likoje.

Jumapili baada ya ibada, mie na Glory tutakwenda kwake Pugu. Siendi kuomba msamaha, wala sirudi kwenye maiki, usinidai hilo. Nakwenda tukae naye. Anaweza asifungue. Anaweza kufungua halafu akanitukana. Ila nakuahidi, asipofungua tutakaa hapo barazani, na nikianza kukulilia sitashusha sauti, mpaka anisikie akiwa ndani.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Upendo