Gari Linalosimama kwa Maskini

Kaka yangu mpendwa,

Sijui barua hii niipeleke wapi, basi naiandika wazi. Aisomaye akikujua, akufikishie.

Unakumbuka Jumapili zetu za sinema? Tulitoka nyumbani, mtaa wa Gerezani, kwa miguu, wewe na kanzu iliyopigwa pasi, mimi na khanga zangu mpya, tukakaa mabenchi ya mbele kabisa hadi shingo zituume. Kihindi hatukukijua, lakini hadithi tuliishika: maskini mwaminifu anatembea barabarani, gari la tajiri linasimama, na mwisho anaishi nyumba ya ghorofa. Tukirudi ulikuwa ukiniambia, "Umeona, mdogo wangu? Bahati haiulizi ukoo. Inataka ikukute barabarani." Nilikucheka, kumbe niliamini kukushinda.

Ndipo ukaacha kazi karakana ya reli, ukawa unasimama mbele ya maduka ya jumla Kariakoo, viatu vinang'aa. Matajiri walikuona, wakakubebesha magunia. Mama alikusihi urudi kazini, lakini hukusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Kisha likasimama lori la mashamba ya mkonge. Mwandikishaji akakuketisha mbele na dereva, akakuahidi unyapara na nyumba ya bati. Nami nilikuwa nimesimama kando; ukanitazama. Neno langu moja lingekushusha. Nikasema, "Nenda kaka, ndiyo yenyewe hii." Najuta mpaka leo.

Mwaka wa pili huu, kimya. Mtu akibisha hodi, mama hushtuka na kushika kifua.

Sasa mwandikishaji yule amerudi. Alasiri husimamisha lori nje ya sinema, watu wanapotoka wakiwa bado wamelewa picha. Jana nilimwendea.

"Bwana, kaka yangu yuko wapi?" Nikamtajia jina lako na la baba.

Hakuinua uso. "Huko hatuendi kwa majina, mama. Namba yake ngapi?"

Sikuijua. Nilipogeuka nikamwona shemeji yako, mume wangu, kwenye mstari wa kuandikishwa, anacheka na wenzake. Nimemsihi, nimelia. Anasema namwonea choyo riziki yake. Wanaondoka Ijumaa, na mimi naogopa, kaka, naogopa sana.

Kama uko hai, usitume salamu kwangu wala kwa mama. Mwandikie shemeji yako. Mwambie ulichokikuta huko, chote, kabla ya Ijumaa.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja.