Jicho la Kushoto Bado Linapokea

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumai goti limepoa na ngazi unazipanda bila kunung'unika. Watoto wetu huku ni wazima, viatu vya juzi tayari vinawabana.

Mwezi uliopita nilikuwa kinyozini kwangu namnyoa yule mwalimu mcheshi. Nilikuwa nimemaliza shavu moja tu, jicho langu la kushoto likazimika. Halikuuma. Nilimuuliza kama umeme umekatika, akasema taa inawaka. Alinipeleka hospitali mwenyewe, ndevu nusu, na pale mapokezi wakadhani mgonjwa ni yeye.

Daktari alisema mshipa mdogo unaolisha sehemu ya ndani ya jicho umeziba. Baadaye nikafanyiwa kipimo. Nilikaa gizani, fundi wa mashine akanitegea uzi mwembamba kama unywele chini ya kila jicho, taa ikamulika mara moja kama radi. Nikaomba nione majibu.

Dada, jicho hutoa umeme, na mashine huuchora kama mstari. Mstari wa jicho la kulia, lililo zima, ulishuka kidogo, kisha ukapanda juu sana. Wa jicho bovu ulishuka vilevile, lakini haukupanda. Daktari akaeleza kwamba kule kushuka ni seli zinazopokea mwanga. Zinalishwa na mishipa mingine kwa nyuma, kwa hiyo ziko hai. Zilizonyimwa damu ni zile za mbele yake, zinazopaswa kuupeleka ujumbe.

Nilimwomba fundi arudie kumulika, jicho zima likiwa limefunikwa. Sikuona chochote. Giza tupu. Nilipoonyeshwa, mstari ulikuwa umeshuka. Mwanga ulikuwa umeingia mwilini mwangu na kupokewa, nami mwenyewe sina habari.

Sasa nikuambie. Uliponipigia nilisema ni vumbi. Haikuwa vumbi, na jicho halitarudi. Uchafu ulioziba mshipa wa jicho ulibanduka kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na daktari anasema kipande kingine kinaweza kwenda kwenye ubongo. Jumatatu ijayo nitapasuliwa shingo wausafishe mshipa huo. Mke wangu anajua. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti ingeniumbua.

Ninaogopa, dada. Njoo. Ukiingia wodini, pita upande wangu wa kulia, nikuone mapema.

Msalimie shemeji, na mtoto wenu wa mwisho umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi