Usije Kujaza Macho, Somoe

Kariakoo,
Dar es Salaam.

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba. Shikamoo yako nimeisoma kwenye barua, nikairudia kwa sauti ili nijione nina mtu. Hamjambo huko? Mama miguu inamwendaje siku hizi za mvua? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Mimi siumwi homa wala tumbo, lakini nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya.

Umeniandikia kwamba picha niliyotuma imezunguka mtaa mzima, mama anaitoa kila akija mgeni, na wewe mkishauza korosho unakuja Bongo nikupeleke kwa huyo fundi wa macho naye akujaze yako. Somoe, usije. Ndiyo maana nimeshika kalamu leo, na mkono wenyewe hautaki.

Ngoja nikueleze, maana sikuwahi kukuambia kwa nini nilikwenda. Unayajua macho yetu. Marehemu baba alikuwa nayo, shangazi anayo, mimi na wewe tumeyachukua: yameingia ndani, na chini yake weusi kama mtu kapakwa masizi. Huko nyumbani nani aliwahi kuyashangaa? Hapa mjini ni balaa. Hapa mtu akikuona macho yamezama haulizi baba yako alikuwaje, anajua tu umekanyaga waya, una ngoma. Na mimi ni mama lishe! Nani ale wali wa mtu anayedhaniwa ana UKIMWI?

Walianza makuli. Walikuwa wakitoka kushusha mizigo wanajaa kwenye benchi langu, makelele, "Mama Lindi, ongeza maharage!" Mara nikaona wanahamia kwa jirani, mmoja mmoja. Mama Shani, huyu ninayepika naye, ndiye aliyenifungulia: "Shoga, wanasema unakwisha." Nikaenda kupima, wallahi, nikaambiwa sina kitu. Nikarudi na furaha yangu, nikawatangazia pale pale benchini. Kuli mmoja akacheka, "Dada, kila mtu anasema hivyo hivyo." Sasa nifanyeje? Nitembee na daktari mkononi?

Ndipo nikasikia habari za dada mmoja mwenye saluni ghorofani, anachoma sindano chini ya macho, shimo linajaa. Dawa inatoka Dubai, alisema. Siku hizi kila kitu kinatoka Dubai, nguo, redio, mpaka vijiko, nikaona kwa nini na uso usitoke huko. Alikuwa ametoka kumsuka mtu, akanawa mikono, akanichoma. Nikalia. Akaniambia, "Vumilia, bi harusi."

Wiki za mwanzo, nisikufiche, nilipendeza mno. Uso umejaa, weusi umepotea, makuli hao wamerudi. "Mambo, Mama Lindi! Umenawiri, nani anakutunza?" Nami najibu poa, napakua, nacheka. Nikaenda studio kupiga hiyo picha mnayoitazama. Sijui kwa nini niliituma haraka vile.

Basi, ile dawa haikutulia. Ilianza kuwa ngumu, vinundu vinundu, nikibonyeza ni kama kokoto. Kisha ikateremka shavuni. Jicho la kushoto limevimba kope, halifunguki sawasawa, linatoa machozi kutwa hata pale nisipolia. Nikapanda kule ghorofani: saluni hakuna, wanauza kandambili, na hakuna anayejua mwenyewe kaenda wapi. Hospitali daktari alinimulika na tochi, akasema nilichochomwa si kitu cha kuwekwa mwilini, na akikata anaweza kuniharibia jicho zima. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akaniuliza tu, "Kwani mama, hapo ulikuwa na tatizo gani?" Tatizo gani, Somoe? Nilikuwa na macho ya baba. Akaniandikia dawa ya maumivu, nikatoka.

Na maneno hayajaisha, yamezidi. Kwanza walisema nina ngoma, sasa wanasema imepanda machoni. Juzi machozi yalinidondoka nikiwa napakua, karibu na sahani ya mteja. Hayakuingia, naapa hayakuingia. Akaisukuma ile sahani, akainuka, na benchi zima likainuka naye. Jioni tukiwa tunafunga, Mama Shani akaniambia: "Hadija, mwenzangu, wewe uwe unapika huku nyuma ya turubai. Mbele niachie mimi." Alisema kwa upole, anasugua sufuria, haniangalii.

Sasa ndiko niliko, mimi na moshi. Napika kila kitu, wali, samaki, mchuzi, yeye anachukua anapeleka. Jana nikamsikia mteja, "Leo mchuzi mtamu bwana, nani kapika?" Nikaacha kukoroga nisikie. Mama Shani akamjibu, "Mimi."

Na sikumkasirikia, hilo ndilo linaloniua. Angenitaja wangeacha chakula mezani, na sote wawili tungelala njaa. Nimechoka, mdogo wangu. Kioo nimekigeuzia ukutani. Kurudi nyumbani nako naogopa, mama akinitazama atamtafuta baba usoni mwangu na hatamwona. Nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe bado unaye, mwache akae hapo alipo.

Mama mpe shikamoo yangu, umsomee pale juu tu ninapomuulizia miguu, mengine yaruke. Picha usimnyang'anye. Shangazi naye shikamoo, mwambie sijamsahau. Mjomba fundi cherehani, na mkewe aliyenifundisha kuunga samaki, wote wasalimie. Shemeji mwambie akupende hivyo hivyo ulivyo, na akikusema macho, atanijua mimi.

Na kama utaziba masikio ukaja, usinitaje jina pale mbele ya wateja. Kaa benchini, agiza wali, ule ushibe. Ukimaliza, zunguka nyuma ya turubai uniite taratibu.

Ni mimi dada yako,
Hadija