Tangi Jekundu la Marehemu Isbrand

Jumamosi, 27 Aprili

Nimefaulu! Chupuchupu, lakini nimefaulu. Miaka arobaini na tatu, na nimepewa cheti cha kuendesha pikipiki pamoja na watoto ambao bado wana chunusi. Niliiangusha mara moja — kona ya mwisho, mwendo wa kobe, darasa zima linatazama. Binti mmoja akaja kunisaidia kuiinua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu wetu, mama mwenye sauti ya kamanda, alitupa maneno ya mwisho. Nunueni ndogo. Miguu yote miwili ikanyage chini vizuri. Ukienda kujaribu ya mtu, mwachie bei yake yote mkononi pamoja na leseni ndipo uwashe, ukiiangusha, umeinunua. Na mwenzako akikupungia barabarani, vidole viwili vya mkono wa kushoto, chini chini hivi, nawe mpungie. Ila si wakati unahitaji klachi! Tukacheka sote.

Arlene nimemwambia nataka kubana petroli. Mke wangu si mjinga. Aliendelea kukunja nguo.

Ukweli nauandika hapa, kwenye kijidaftari hiki cha mfukoni: nimechoka na lile gari. Kila Juni wanaume wa kiwandani wanakwenda ziwani na mapikipiki yao, na mimi nafuata nyuma na gari la sandwichi na barafu. Del wa Vinywaji, ndivyo wanavyoniita. Nami nacheka nao, tena kwa sauti.

Jumatano, 1 Mei

Rodel kanipeleka baada ya zamu kuona moja, ya buluu, injini ya cc mia mbili na hamsini, ya mwalimu wa shule. Rodel nafunga naye vioo vya madirisha meza moja. Alihamia huku Manitoba kutoka Ufilipino miaka minne iliyopita, na amepanda pikipiki tangu miguu yake haijafika chini. Akaizunguka, akaisikiliza injini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kaka, hii ni yako, anasema. Nyepesi, bei ya mfuko wako, haina maringo.

Nikaikalia. Miguu bapa chini! Nilijisikia niko nyumbani.

Basi kimbelembele changu — nikampelekea Kurt picha. Kurt ndiye msimamizi wa zamu, na ndiye kiongozi wa msafara wa ziwani. Akanijibu papo hapo. Nzuri sana, Del, na hiyo utaipakia kwenye gari pamoja na barafu, siyo?

Nikamwambia mwalimu wa watu acha nifikirie.

Alhamisi, 2 Mei

Ile ya buluu imenunuliwa. Sawa. Sijali.

Najali.

Jumanne, 7 Mei

Rodel hajanikatia tamaa. Yeye na mkewe Liezel na mtoto wanahamia tarehe mosi Juni kwenye vyumba vya chini vya nyumba ya Bibi Tina Dueck, nje kidogo ya mji. Sasa hivi wamebanana chumba kimoja kwa binamu yake, ukuta una ukungu, mtoto anakohoa usiku kucha. Sasa huko kwa Bibi Tina, bandani, kuna pikipiki ya marehemu mumewe Isbrand. Ya cc mia sita na hamsini. Tangi alilipaka mwenyewe kwa mkono, jekundu, na suke la ngano la manjano ubavuni.

Nzito kidogo kwako, kaka, Rodel anasema, ila ni ya mtu aliyeipenda. Nimeshamwambia bibi habari zako.

Jumamosi, 11 Mei

Mungu wangu. Nimefanya nini leo.

Niandike kwa mpangilio. Nilifika saa nane. Bibi Tina anatembelea mkongojo lakini ulimi wake hauhitaji msaada. Kabla sijashika hata mpini, maswali: wewe ni Petkau wa wapi? Wa kinu au wa maziwa? Babu yako nani? Nikamwambia Cornie Petkau, wa kinu. Uso wote ukamfunguka. Kumbe babu ndiye aliyemtoa baba yake bibi mtaroni kwenye dhoruba ya theluji, yeye akiwa msichana. Ikawa sasa mimi ni mjukuu wake.

Nikatoa bahasha na leseni, kama tulivyofundishwa. Bahasha yenyewe haikufika bei yake, anataka elfu tatu na nusu. Nilikuwa nategemea kubembeleza. Loo! Alinifokea. Mjukuu wa Cornie aniachie rehani? Rudisha mfukoni! Nenda zako, ukarudi na hamu ya biskuti.

Nikaenda. Na jamani — ilikuwa raha! Mashamba pande zote, upepo, injini inanguruma polepole. Nilijiona mtu. Nikaenda hadi kwenye reli na kurudi.

Nikakaribia geti lake. Nimepunguza mwendo, gia ya kwanza, klachi nimeibana nusu, nakunja kona. Wakatokea mbele yangu waendeshaji, wakubwa, kama sita hivi, mapikipiki yanang'aa. Wa kwanza akashusha mkono. Vidole viwili. Ananipungia mimi! Mimi, Del wa Vinywaji!

Nikanyanyua mkono wa kushoto.

Klachi ikajiachia yenyewe, pikipiki ikaruka kama imechomwa sindano, gurudumu likaingia kwenye zile changarawe zilizomwagwa barabarani wakati wa theluji, tukalala chini, mimi nayo. Tangi likapiga jiwe la ukingo wa mtaro. Ile sauti bado naisikia.

Wale wakapita. Hata hawakuona. Niliangalia huku na huku: ng'ombe tu. Nikaiinua kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Suke la ngano limebonyea katikati, ukubwa wa yai, na rangi imechunika. Nikasugua kwa mkono wa koti. Nasugua mbonyeo, bonde zima! Kana kwamba ni vumbi!

Kisha nikaisukuma hadi bandani, nikaiegesha ule upande umegusa ukuta.

Bibi akatoka na biskuti kwenye mfuko. Ilikuendea vizuri? Vizuri sana, bibi, acha nifikirie. Nikazipokea biskuti. Nikashukuru. Nikaondoka.

Arlene amezionja, anasema ni tamu.

Jumatatu, 13 Mei

Rodel amekuja kazini sura imemshuka. Jumamosi jioni alipeleka boksi zao bandani kwa bibi, kutanguliza tanguliza. Jana bibi akaingia kuchukua reki, akaona tangi. Anasema Rodel ameiangushia boksi, au ameisukuma vibaya kutafuta nafasi. Rodel kamwambia sijaigusa, mama. Bibi akamjibu: basi imejibonyeza?

Kisha akanigeukia, ameshika kioo bado. Kaka, wewe ulipoijaribu, lile bonde lilikuwepo?

Nikasema sikuangalia vizuri.

Sikuangalia! Nimelisugua kwa mkono wangu mwenyewe! Na akaniamini, ndiyo kinachoniua. Akasema haya, pengine lilikuwepo siku nyingi na bibi macho yake yamechoka. Akarudi kufunga vioo. Mimi nilipasua viwili kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa, 17 Mei

Maneno yameshafika mjini. Arlene kayaleta kutoka kwaya: eti mpangaji wa Tina Dueck ameharibu pikipiki ya Isbrand na anakana mchana kweupe. Si kuharibu, Arlene anasema, kila mtu anaharibu. Ni kule kukana. Mtu wa namna hiyo utamkaribishaje ndani kwako?

Nikasema hatujui yaliyotokea. Akasema, kwani wewe hukuwepo siku ile? Nikasema niliondoka mapema. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Rodel bado ananigawia wali wake wa kitunguu saumu mchana. Angenichukia kidogo ningepumua.

Jumanne, 21 Mei

Nimepata njia! Nitainunua. Bei kamili, bila kubembeleza hata senti. Pikipiki ikiwa yangu, bonde ni langu, na hakuna wa kulizungumzia tena. Bibi amepata pesa yake, Rodel amepata nyumba yake, kimya. Nimechukua nyongeza kwenye akiba ya kutengeneza paa. Arlene nitamweleza baadaye.

Najua ni woga. Lakini ni woga wenye faida kwa kila mtu, au siyo?

Jumatano, 22 Mei

Siyo.

Nilimwekea bibi elfu tatu na nusu mezani. Akazihesabu, akanirudishia mia nane. Siwezi kumuuzia mjukuu wa Cornie kitu kibovu kwa bei ya kizima, anasema. Nikakataa. Nikasema bibi tafadhali, chukua. Akagonga mkongojo sakafuni: usibishane na mimi nyumbani kwangu!

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Bibi, kuhusu hilo tangi —

Najua, mwanangu, akanikata. Linauma. Isbrand alilipaka baridi nzima, pale jikoni, nyumba ikanuka rangi hadi Pasaka. Akatoa leso. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: simdai Rodel kitu. Nyumba ni yake hata kesho. Nataka neno moja tu kutoka kwake, nimekosea. Siwezi kulala huku vyumba vya chini kuna mtu anayeniangalia machoni na kunidanganya.

Na mimi namwangalia machoni.

Nikaufunga mdomo. Nikazirudisha mia nane mfukoni. Yaani nimeiangusha mwenyewe na nimepata punguzo! Bei imeshuka hadi pale pale nilipokuwa napatamani. Aibu nyingine hazina hata jina.

Njiani kurudi walinipungia wawili. Mikono yangu ilibaki kwenye usukani.

Jumamosi, 25 Mei

Kurt amepita kuiona. Sasa hiyo ndiyo pikipiki, Del! Akanipiga begani mbele ya majirani. Nimelisubiri hilo pigo miaka. Akaona bonde: ah, huyo ni yule Mfilipino wako, siyo? Basi mwaka huu gari la barafu tutampa yeye, hataweza kuliangusha. Akacheka hadi akakohoa.

Nami nikacheka. Sijui kwa nini. Mdomo umezoea.

Alhamisi, 30 Mei

Mapumziko ya chai Rodel akaniuliza, taratibu, bila kunitazama: kaka, mtu akikiri jambo ambalo hakulifanya, ni dhambi?

Nikamuuliza kwa nini. Bibi hajakubali wahamie Jumamosi. Binamu anataka chumba chake. Mtoto walikesha naye hospitali juzi. Neno moja tu, anasema, bibi anataka neno moja, na neno halinigharimu kitu. Liezel ndiye anakataa. Liezel anasema tukiingia humo kwa jina la waongo tutaishi humo kwa jina la waongo.

Nikamwambia sijui, Rodel.

Najua! Mimi ndiye peke yangu ninayejua!

Nimeamua. Jumapili bibi ametualika mkate wa jioni baada ya ibada, mimi na Arlene na akina Rodel. Nitasema pale pale. Nitasema kabla hatujaketi.

Jumapili, 2 Juni

Naandika chooni kwa Bibi Tina. Mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Nilikuja na pikipiki, Arlene na gari. Nilitaka niisimamishe mbele yao, niweke mkono kwenye lile bonde, niseme. Nilikuwa nimejikaza kabisa. Bibi akatuwahi mlangoni, akatuingiza ndani. Meza imejaa — mikate midogo ya maziwa, jibini, soseji, keki ya mabua machachu ya rubabu. Rodel amevaa tai. Liezel amempakata mtoto, macho mekundu, ameangalia dirishani.

Nikasema, bibi, kabla hatujala, kuna jambo. Bibi akasema ndiyo, mwanangu, lipo, mwache Rodel aanze.

Rodel akasimama. Akasema: mama, nilikosea. Ile pikipiki ni mimi. Nisamehe.

Bibi akalia. Akainuka bila mkongojo wake, akamshika kichwa, akambusu hapa, kwenye paji la uso. Akasema yamekwisha, leteni vitu vyenu leo leo. Arlene naye analia! Akaninong'oneza, unaona? Mtu akisema ukweli unavyopendeza?

Liezel hakulia. Liezel alinitazama mimi. Si sana. Kidogo tu, kisha akamrekebishia mtoto kofia.

Nikasema naomba kunawa mikono.

Nikitoka sasa na kusema, Rodel atakuwa amemdanganya bibi kweli — na ni mimi nimemfanya mwongo. Nisiposema, wanahamia leo. Mtoto analala pakavu leo. Ona ninavyojitetea! Hata chooni!

Arlene amegonga. Del, uko salama? Nakuja, nimesema.

Sasa ni bibi anaita kutoka mezani. Del, chai inapoa! Wewe ndiye wa kutuombea leo, mjukuu wa Cornie, umshukuru Mungu kwa mtu mkweli.

Viti vimesogezwa. Mtoto amenyamaza. Nadhani wameshainamisha vichwa, wananisubiri